Igizo Lisilo na Kitabu: Muungano, TOT na Pengo katika Historia ya Maonyesho ya Kiswahili

Ikisiri

Historia ya tamthilia ya Kiswahili imezoea kuandikwa kama historia ya vitabu. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo yameacha nje sehemu kubwa ya drama iliyoigizwa kwa Kiswahili na watu walioishi kwa kazi hiyo, hususan maigizo na vichekesho vya vikundi vya Muungano na Tanzania One Theatre (TOT) vya Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990. Yanachunguza jinsi istilahi za uhakiki, soko la kanda na lugha ya utafiti vilivyochangia kupotea kwa maneno yaliyosemwa jukwaani, na yanajadili masharti ya kuyakusanya yaliyosalia.

Fasili na desturi

Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kitabu ambacho hadi leo ni vigumu kuipata tasnifu ya drama ya Kiswahili isiyokitaja. Humo walieleza kwamba sanaa ya maonyesho huhitaji mambo manne yakutane: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Fasili hiyo hunukuliwa kwa heshima katika sura ya kwanza. Sura ya pili inapoanza, mtafiti huyohuyo hufungua kitabu kilichochapishwa na kuchambua dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, bila kuuliza mtendaji alikuwa nani, uwanja ulikuwa wapi, wala watazamaji walicheka mahali gani. Kati ya mambo manne, matatu huachwa mlangoni pamoja na viatu.

Desturi hii haikuzuka kwa uvivu. Mhakiki hufanya kazi na kile kinachoweza kurejelewa, na kitabu kina ukurasa ambao msomaji mwingine anaweza kuufungua na kuhakikisha. Onyesho likikwisha limekwisha. Hata hivyo gharama ya desturi hiyo ni kubwa kuliko inavyokiriwa, na huonekana hata katika zile tamthilia chache ambazo kila mtu amezisoma.

Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) kuna tukio ambalo kila msomaji analikumbuka. Kinjeketile, akiwa amepandwa, anatangaza umoja na ushindi, kisha, katika hali ileile, anatamka kwamba watu hao watakuwa chini ya Seyyid Said. Katika kitabu, jina lililoandikwa kando ya maneno hayo ni la Kinjeketile, na msomaji hana shaka nani anasema. Jukwaani hakuna jina kando ya maneno. Mwigizaji hana budi kuamua sauti hiyo ni ya nani: yake mwenyewe, ya Hongo, au ya nguvu nyingine ambayo haikualikwa. Uamuzi huo hufanywa kwa koo na si kwa kalamu, na ndio unaoamua kama watazamaji watamwona Kinjeketile kuwa mtume, mtu aliyedanganyika au chombo tu. Uhakiki wa Kiswahili umeandika mengi juu ya maana ya tukio hilo. Juu ya namna lilivyowahi kutamkwa, umeandika machache mno.

Vivyo hivyo Nguzo Mama ya Muhando (1982). Kwa msomaji, nguzo ambayo wanawake wa Patata wanajaribu kuisimamisha ni ishara, na kwa kuwa ni ishara haina uzito. Kwa mwigizaji ni gogo. Lazima lishikwe, liinuliwe, liyumbe, liangushwe, na mtazamaji aione mikono ikitetemeka. Kushindwa kwa wanawake hao jukwaani ni kushindwa kwa misuli kabla ya kuwa kushindwa kwa jamii. Anayetaka kujua kama tamthilia hiyo inakata tamaa au inakasirika angepaswa kujua nguzo hiyo ilitengenezwa kwa nini na ilianguka vipi.

Haya ni mapengo katika kazi ambazo angalau zina vitabu. Liko pengo lingine, kubwa zaidi, ambalo halionekani kwa sababu hakuna kitabu cha kulionyesha.

Maneno na mipaka yake

Pengo hilo limefichwa kwanza na istilahi. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa kile ambacho lugha nyingine hukiita kwa neno moja, na kila neno limechukua upande wake. Tamthilia limetokana na Kiarabu, kutoka mzizi uleule uliotupa mithili na methali. Kitenzi iga kimezaa igiza, nacho igiza kimezaa mwigizaji, igizo na maigizo. Onyesho limetoka katika kitenzi cha kumfanya mtu aone. Kichekesho limetoka katika kumfanya mtu acheke, na ni jina pekee kati ya haya linalobeba ndani yake matokeo ya kazi kwa mtazamaji.

Ukisikiliza vitenzi vinavyoandamana na majina haya utaona mpaka ulipo. Tamthilia huandikwa, huchapishwa, husomwa, huhakikiwa na hutahiniwa. Igizo huchezwa, huonyeshwa na hutazamwa. Tamthilia ina mwandishi, na jina lake liko juu ya jalada. Igizo lina wachezaji. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza nani aliandika igizo fulani. Huuliza nani alicheza. Kwa hiyo mhakiki anayetangaza kwamba anaandika historia ya tamthilia ya Kiswahili amekwisha kuchagua, kabla ya sentensi ya pili, kuandika historia ya vitabu, na huenda hajui kwamba amechagua.

Mtaani neno hilo limehama tena. Tangu televisheni zilipoenea nchini Tanzania katika miaka ya 1990, tamthilia kwa watu wengi ni mfululizo wa runinga, mara nyingi wa kigeni, unaofuatwa jioni baada ya jioni. Neno limeruka kutoka kitabuni hadi kwenye skrini bila kupita jukwaani. Jukwaa limebaki na maigizo, na maigizo nalo limechafuka: mwanasiasa akitaka kumdharau mwenzake husema anayoyafanya ni maigizo. Usanii umepatwa na balaa zaidi, kwani katika lugha ya mitaani ni jina la utapeli. Si jambo dogo kwamba lugha iliyomheshimu sana mtunzi wa shairi imeifanya kazi ya mwigizaji kuwa jina la uongo.

Uainishaji wa kitaaluma haukusaidia. Mulokozi (1989), katika makala yake mashuhuri ya Mulika kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliyapa maigizo nafasi ya utanzu kamili, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini walioufuata uainishaji huo waliyatafuta maigizo katika jando, matambiko na michezo ya watoto. Igizo la saa nzima kuhusu mume, nyumba ndogo na mganga, lililochezwa kwa kiingilio katika ua wa baa ya Dar es Salaam, halikuwa la jadi kiasi cha kuitwa fasihi simulizi, wala halikuwa na mswada wa kuitwa fasihi andishi. Likabaki barazani.

Nani alilipwa?

Serikali ya Tanganyika ilianzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962, na katika miaka ya 1960 ikawa na kikundi cha taifa cha ngoma. Kikundi cha sarakasi kilifuata mwaka 1969 baada ya vijana kurejea kutoka mafunzoni China, na cha maigizo mwaka 1974. Tayari katika mpangilio huo kuna jambo la kulitafakari: drama ilikuja ya mwisho, na maisha yake yalikuwa mafupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mfumo wa vikundi vya taifa ulikuwa umefikia mwisho, na kazi ya kuwafunza wasanii ikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa 1981.

Wakati huohuo mashirika ya umma, viwanda na majeshi yalikuwa na vikundi vyao. DDC Kibisa, cha Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndicho kinachokumbukwa zaidi. Msanii katika vikundi hivyo alikuwa mwajiriwa, na sanaa ilikuwa sehemu ya ajira yake. Hali ya uchumi ilipozidi kuwa ngumu, mzigo wa kumlisha msanii ulihama kutoka kwa shirika hadi kwa mtazamaji mlangoni. Hapo ndipo Muungano, chini ya Norbert Chenga, kilipojijengea jina kama kikundi binafsi kilichoishi kwa kiingilio. Mwaka 1992, mwaka wa kurejea kwa vyama vingi, Chama cha Mapinduzi kilianzisha TOT chini ya Kapteni John Komba, aliyekuwa mwanajeshi. Kuanzia hapo jiji lilikuwa na mahasimu wawili, na uhasimu huo ulikuwa mtaji kwa wote wawili.

Neno kulipwa lipewe uzito wake. Hussein, Muhando, Amandina Lihamba na wenzao waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliigiza na kuongoza maonyesho kwa ustadi, lakini riziki yao ilitoka katika ualimu. Paukwa, kikundi kilichotunga Ayubu kwa pamoja, kilikuwa na wanataaluma wake. Hilo haliwapunguzii chochote. Ila mtu akiuliza ni kikundi kipi cha drama ya Kiswahili kilichojitegemea kwa kazi ya jukwaa, kikiwa na ratiba ya kila juma, wasanii wa kudumu na mkoba wa maonyesho unaobadilishwa ili mtazamaji arudi, jibu halimo katika orodha yoyote ya vitabu vya tamthilia. Jibu ni Muungano na TOT, pamoja na vikundi vidogo vilivyowafuata nyuma, kama Mandela.

Kisa, zamu na ulimi

Onyesho la kawaida la vikundi hivi lilianza mchana au alasiri na kuendelea hadi usiku. Lilichanganya ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kwaya au ngonjera, na taarabu. Msanii mmoja aliweza kucheza ngoma mwanzoni, akarudi katika igizo akiwa mama mkwe, kisha akaitikia katika taarabu. Kumbi zilikuwa za starehe, nyingine ua wa baa tu, Kinondoni, Magomeni, Ilala na kwingineko, na watazamaji walikuwa huru kula, kunywa, kusimama na kuingia jukwaani kutuza.

Igizo ndani ya mpangilio huo halikuwa na mswada. Kiongozi alitoa kisa, akagawa nafasi, na mazungumzo yakazaliwa mazoezini kwa kubuniwa papo kwa papo. Yalipokwisha kukaa yalikaa kwa kiasi tu: onyesho la Jumapili liliweza kuwa na mzaha ambao la Jumamosi halikuwa nao, na mzaha uliochekesha ulibaki. Watazamaji waliosema kwa sauti, wakimwonya mume asile chakula kile au wakimzomea hawara, walikuwa wakihariri bila kujua. Mwigizaji aliyekaa kimya kuwasubiri, kisha akawajibu bila kutoka ndani ya nafasi yake, alifanya jambo ambalo hakuna tamthilia iliyochapishwa ya Kiswahili inayoweza kulionyesha, kwa sababu nusu ya maneno hayo hayakuwa ya jukwaani.

Kwa mtaalamu wa isimu hapa ndipo penye hazina. Mazungumzo ya tamthilia nyingi zilizochapishwa yana zamu safi: mmoja anamaliza, mwingine anaanza. Mwandishi huyapanga hivyo kwa sababu ukurasa haupendi sauti mbili kwa wakati mmoja. Igizo la kubuniwa lina zamu zinazogongana, sentensi zinazokatizwa na kukamilishwa na mwingine, marudio yanayompa mwenzako muda wa kufikiri, na vihisishi vinavyofanya kazi ya aya nzima. Mengi ya haya mhakiki aliyelelewa na kitabu huyaita udhaifu. Kwa kweli ndiyo sarufi ya mazungumzo ya Kiswahili, ambayo vitabu vya sarufi vimeanza kuishughulikia hivi karibuni tu.

Kichekesho kilikuwa na kazi nyingine. Utani wa Tanzania umejenga kwa muda mrefu wahusika wanaotambulikana kwa ulimi kabla ya mavazi: Mhindi wa duka, Mmakonde, Mkurya anayetia /r/ mahali pa /l/, Mhaya asiyemaliza sentensi bila neno la Kiingereza. Redio Tanzania iliwazoesha wasikilizaji sanaa hiyo kwa Pwagu na Pwaguzi, na jukwaa likaongeza mwili. Katika nchi iliyojisifu kuwa na Kiswahili kimoja, kichekesho kilikuwa mahali ambapo Viswahili vingi vilisikika hadharani, vikichekwa na wenyewe wakiwemo ukumbini. Kama kicheko hicho kilikuwa cha dharau au cha kutambuana ni swali ambalo lingejibiwa tu na mtu aliyeyasikia maneno yenyewe na kuona nani alicheka kwanza.

Kilichohifadhiwa

Kwa nini basi hayakubaki? Ni rahisi kujibu kwamba yalikuwa ya mdomo, na ya mdomo hupotea. Jibu hilo halitoshi, maana taarabu ya vikundi vilevile, iliyoimbwa saa chache baadaye juu ya jukwaa lilelile, haikupotea. Mashabiki wanaokumbuka ushindani wa miaka ya 1990 watakutajia bila kusita Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano, na watakuimbia. Nyimbo za kwaya za Komba zilipigwa redioni hadi zikawa sehemu ya sauti ya misiba na ya kampeni. Wengi walioomboleza kifo cha Mwalimu Nyerere mwezi Oktoba 1999 waliomboleza na TOT masikioni. Muulize mtu huyohuyo akutajie igizo moja la TOT kwa jina.

Tofauti ni kanda. Wimbo unaingia katika kanda, unauzwa, unarudiwa kwenye daladala. Igizo la kubuniwa halikuwa na urefu wa kanda wala sura yake. Bila uso wa mwigizaji na mwitikio wa ukumbi lilikuwa nusu. Soko lilihifadhi kile kilichouzika. Vyombo vya uchapishaji navyo vilihifadhi kilichokuwa na mwandishi mmoja, mswada na nafasi ya kuingia shuleni. Igizo la kulipwa lilianguka katikati ya mashine mbili: ile ya kurekodi na ile ya kupiga chapa. Aliyeandika kitabu alihifadhiwa, aliyeimba alihifadhiwa, na aliyeigiza hakuhifadhiwa.

Iko hifadhi ya tatu, na hii ndiyo inayopaswa kuwasumbua zaidi wasomaji wa jarida la Kiswahili. Watu walioketi katika kumbi hizo wakiwa na daftari walikuwepo. Siri Lange aliandika juu ya vikundi hivi mwaka 1995, na mwaka 2002 akatoa tasnifu nzima kuhusu drama pendwa ya Dar es Salaam. Kelly Askew (2002) na Laura Edmondson (2007) waliandika vitabu juu ya utendaji, siasa na taifa. Ni kazi za uvumilivu, na bila hizo makala haya yasingekuwa na mahali pa kuanzia. Zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa anthropolojia na masomo ya drama, na kwa hiyo kile zinachokihifadhi ni visa, mpangilio wa onyesho, siasa za kikundi na maana. Maneno ya waigizaji, pale yanapokuwepo, kwa sehemu kubwa yamefika kwa tafsiri. Hili si kosa la waandishi hao, ambao hawakuwa na wajibu wa kuihudumia isimu ya Kiswahili. Wajibu huo ulikuwa wa watu waliokaa mwendo wa daladala moja kutoka kumbi hizo. Matokeo yake ni kwamba drama iliyotungwa kwa Kiswahili, na watu ambao wengi wao hawakuihitaji lugha nyingine, sasa inasomwa kikamilifu zaidi katika Kiingereza kuliko katika lugha iliyosemwa.

Mfano wa Nairobi

Historia ya Nairobi inasaidia kuona kwamba hali hii haikuwa ya lazima. Kikundi cha Donovan Maule, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1940, kilikuwa kikundi cha kulipwa kwa maana kamili: waigizaji walioletwa kutoka Uingereza, mchezo mpya baada ya mwingine, jengo lake, na lugha moja tu, Kiingereza. Ukumbi wa Taifa wa Kenya uliofunguliwa 1952 ulirithi ladha hiyo kiasi kwamba The Trial of Dedan Kimathi, ilipochezwa humo mwaka 1976, ililazimika kugombea siku za ukumbi. Tamthilia hiyo ilipata Kiswahili chake, Mzalendo Kimathi, mwaka 1978, kama kitabu.

Leo Kenya ina drama ya Kiswahili ya kulipwa, na mlinzi wake ni Baraza la Mitihani. Vikundi vya waigizaji huzunguka shuleni vikicheza tamthilia teule ya mwaka huo. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia ilifuatwa na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kisha Kigogo ya Pauline Kea, kisha Bembea ya Maisha ya Arege, na mkoba wa vikundi hivyo ulibadilika kwa utaratibu huohuo. Hapa mtihani hutangulia kitabu na kitabu hutangulia jukwaa. Mwigizaji anayethubutu kubadili sentensi huenda akamfanya mtahiniwa akose alama, na mwalimu aliyeketi mstari wa mbele anafuatilia kwa kidole. Kinyume cha Muungano hakiwezi kuwa kamili zaidi. Vikundi hivi vinastahili utafiti wao. Hapa vinatosha kuonyesha kwamba uhusiano wa jukwaa na kitabu hutegemea nani analipa kiingilio na kwa nini.

Suala la ubora

Hoja nzito dhidi ya yote haya ni kwamba maigizo ya Muungano na TOT hayakuhifadhiwa kwa sababu hayakustahili. Yalirudia visa: mwanamke mwenye tamaa, mume mlevi, shamba lililoachwa kwa ajili ya mji, mganga wa uongo. Yalimwadhibu mkosaji kwa haraka na kumwelekeza mtazamaji nyumbani akiwa na funzo mkononi. Lange na Edmondson wote wanalipa suala la mwanamke jukwaani nafasi kubwa, na anayewasoma hatoki akiamini kwamba jukwaa hilo lilikuwa rafiki yake wa kila siku. TOT, zaidi ya hayo, ilikuwa mali ya chama, na haikuficha.

Hoja hii ikubaliwe kwa sehemu. Hakuna faida katika kuyavisha maigizo hayo joho la upinzani wasilokuwa nalo. Lakini kigezo chake kinahitaji kutazamwa. Ubora uliopimwa ni ubora wa kisa, kwa kuwa kisa ndicho pekee kilichobaki kupimwa. Tukivifupisha visa vya drama yoyote ya kulipwa duniani, ya Molière akiwemo, tutabaki na mabahili, wagonjwa wa kujifanya na wake wadanganyifu. Thamani ya kazi ya namna hii ilikaa katika utekelezaji: jinsi mwigizaji alivyolichelewesha neno, jinsi alivyomgeuza mlevi wa kuzomewa kuwa mlevi wa kuhurumiwa kabla ukumbi haujatambua. Funzo la mwisho huenda lilikuwa gharama ya kupewa ruhusa ya kufurahia yaliyotangulia. Kwamba mwanamke mkosaji aliadhibiwa dakika ya mwisho hakusemi kitu kuhusu dakika arubaini ambazo alikuwa na maneno makali kuliko wote jukwaani, na wanawake ukumbini walimshangilia au hawakumshangilia. Bila maneno, hukumu ya pande zote mbili ni ya kukisia.

Tena, watunzi wa chuo kikuu hawakuwa mbali na ulimwengu huo kama silabasi inavyowaonyesha. Bi Msimulizi katika Nguzo Mama anazungumza na watazamaji moja kwa moja, na nyimbo katika Lina Ubani zinafanya kazi ambayo mazungumzo yasingeifanya. Uhakiki umezieleza mbinu hizi kama urejeleaji wa ngano na jadi. Yawezekana. Yawezekana pia kwamba mtunzi anayeishi Dar es Salaam alikuwa na macho na masikio, na kwamba kuzungumza na ukumbi kulikuwa jambo la kawaida umbali mfupi kutoka Mlimani.

Yaliyosalia

Njia ya maigizo haya haikukatika. Ilihamia kwenye picha. ITV ilipoanza mwaka 1994 na baadaye kikundi cha Kaole kikawa na maigizo yake ya kila juma, utaratibu wa kisa bila mswada ulihamia mbele ya kamera. Kutoka Kaole walitoka baadhi ya nyota wa filamu za Kibongo, Steven Kanumba akiwa maarufu kuliko wote. Mazungumzo marefu ya filamu hizo, ugomvi unaozunguka mara tatu kabla ya kufika, hulaumiwa kama ukosefu wa uandishi. Anayejua zilikotoka atatambua mdundo wa ukumbi ambamo marudio yalimngoja mtazamaji ajibu. Kamera haijibu, na kwa hiyo marudio yamebaki yakining'inia. Filamu hizo, pamoja na kanda za video za Kaole zilizoko mikononi mwa watu, ndizo ushahidi wa karibu zaidi wa Kiswahili cha jukwaa la kulipwa, na zinaweza kunukuliwa leo, kabla mikanda haijaota ukungu.

Kwa maigizo ya Muungano na TOT yenyewe, kinachobaki ni wasanii. Komba alifariki mwaka 2015, na kizazi chake kinapungua. Anayekwenda kuwahoji atapewa kwanza kisa, maana kisa ndicho kinachokumbukwa kwa kusimuliwa. Maneno hukumbukwa kwa kutendwa. Wasanii wawili waliowahi kucheza mume na mke wakikalishwa pamoja na kuombwa wacheze, si wasimulie, huenda wakatoa mazungumzo ambayo hakuna hata mmoja wao angeweza kuyakariri peke yake. Yakipatikana matoleo mawili ya igizo moja, yote mawili yaandikwe. Hakuna sababu ya kutafuta toleo halisi la kazi ambayo haikuwahi kuwa nalo.

Linabaki tatizo la tahajia. Kiswahili Sanifu kina njia moja ya kuandika kila neno, na mwandishi wa mazungumzo ya kichekesho atashawishika kumsahihisha Mkurya na Mmakonde ili ukurasa uwe safi. Alama za kufuatisha zamu zinazogongana, vimya na vicheko vya ukumbi zipo katika uchanganuzi wa mazungumzo na zinaweza kuazimwa. Za lafudhi zinahitaji makubaliano, na makubaliano hayo yafanywe kabla ya mtu wa kwanza kuwasha kinasa sauti, kwa sababu wa pili atamfuata wa kwanza hata kama alikosea.